Young Tom Morris alikufa kwa kihoro kweli? Mimi nabisha

Mzee wa Grini (mwanzisha uzi)
Wadau, salaam. Kila gofu ya kale ikitajwa, hadithi huwa ile ile. Kijana wa St Andrews, Uskoti, bingwa wa Open, mashindano makuu ya gofu ya Uingereza, mara 4 mfululizo. Mke anafariki kwa uzazi Septemba 1875 pamoja na mtoto, na asubuhi ya Krismasi ya mwaka huo huo kijana anakutwa amekufa kitandani nyumbani kwa baba yake, umri miaka 24. Basi watu wanafunga daftari: "kihoro".
Mimi nabisha. Maiti ilichunguzwa, ikaonekana mshipa wa damu umepasuka kwenye pafu la kulia. Kihoro hakipasui mshipa wa pafu. Kilichomuua ni kazi: wiki 3 tu kabla alicheza pambano la siku 6 kwenye theluji. Anayebisha aje na hoja, si machozi.

Chuma Saba
Mkuu, kabla hatujafika mbali tuwatenganishe hawa Tom, maana wasomaji watachanganyikiwa. Baba ni Old Tom (1821–1908), mtunza uwanja, bingwa 1861, 1862, 1864 na 1867. Mtoto ni Young Tom, wenyewe wakimwita Tommy, kazaliwa Aprili 1851, bingwa 1868, 1869, 1870 na 1872. Baba alichukua la mwisho akiwa na miaka 46, mwaka uliofuata mtoto akachukua la kwanza akiwa na 17. Rekodi zote mbili, ya mkubwa kuliko wote na ya mdogo kuliko wote kwenye Open, bado ziko nyumba moja.

Bi Mwanakombo
Hapo kwenye 1870 kisha 1872, mbona mmeruka mwaka? Alishindwa 1871?

Takwimu Tu
Hakushindwa. Mwaka 1871 hakukuwa na mashindano. Zawadi ya mwanzo haikuwa kombe, ilikuwa mkanda: ngozi nyekundu yenye bizimu ya fedha, kilabu ya Prestwick, waandaaji wa mashindano, iliununua kwa pauni 25. Sharti lilisema atakayeshinda mara 3 mfululizo anaondoka nao moja kwa moja. Tommy akauchukua 1870, Prestwick wakabaki mikono mitupu.
Mwaka uliofuata wakawa wanajadiliana na kilabu za St Andrews na Musselburgh wachangie kitu kipya na mashindano yawe yanazunguka. Walipokubaliana kila upande ulitoa pauni 10, kikanunuliwa kile chombo cha fedha cha kumiminia mvinyo ambacho nakala yake bingwa anaibusu hadi leo. Chombo kilikamilika 1873. Tommy alishinda 1872, kwa hiyo jina lake ndilo la kwanza kuchongwa, lakini hakukabidhiwa siku ya ushindi wake. Alipewa medali. Wa kwanza kukabidhiwa ni Tom Kidd, 1873 pale St Andrews.
Kwa hiyo "mara 4 mfululizo" ni sahihi. Mashindano 4 yaliyochezwa, yote kachukua.

Mkwaju Mmoja
Yaani alishinda mpaka mashindano yakaishiwa zawadi 😂

Takwimu Tu
Ndiyo maana yake. Na ushindi wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Prestwick wakati huo ilikuwa na mashimo 12, wanazunguka mara 3 kwa siku moja, jumla 36. Mikwaju yake (yaani mapigo, machache ndiyo bora):
1868: 154
1869: 157
1870: 149
1872: 166
Ile 149 hakuna aliyeifikia kwa miaka yote ambayo Open ilikuwa ya mashimo 36, na hiyo iliendelea hadi 1891. Waliomfuata siku hiyo, Davie Strath na Bob Kirk, walikuwa mikwaju 12 nyuma. Shimo la kwanza lilikuwa na yadi 578. Kwa mpira wa utomvu wa mti na fimbo ya mbao alilimaliza kwa mikwaju 3. Leo wenye fimbo za titani wanafurahia 5 kwenye umbali huo.

Chuma Saba
Na shimo la nane akatumbukiza kwa mkwaju mmoja, 1868.

Takwimu Tu
Hapo tahadhari. Wapo wanaoandika 1868, wapo wanaoandika 1869. Shimo la nane, Prestwick, Tommy: hayo hayana ugomvi. Mwaka ndio wenye ugomvi. Na wengi husema baba alikuwa wa pili nyuma ya mwanawe mwaka 1869. Si kweli, mwaka huo wa pili alikuwa Bob Kirk; baba alikuwa wa pili 1868, kwa mikwaju 157. 

Fundi Ngozi
Turudi kwenye pafu. Mzee wa Grini amekimbilia theluji, kasahau karakana. Nyumba ya kina Morris ilikuwa nyumba ya kutengeneza mipira, na mpira wa zamani ulikuwa wa manyoya. Mnajua ulivyotengenezwa?
Unachukua ngozi ya ng'ombe au farasi, unailainisha kwa maji ya shabu. Unakata vipande 3, viwili vya duara na ukanda wa katikati. Unashona kwa uzi uliopakwa nta, unaacha tundu dogo, halafu unageuza ili mshono uende ndani. Manyoya ya bata bukini yanachemshwa, kipimo ni kofia ndefu iliyojaa. Unayashindilia kupitia lile tundu kwa mtaimbo wa chuma wenye kishikizo cha mbao unachokisukuma kwa kifua, si kwa mikono. Kifua kizima kinaegemea. Yakikataa kuingia unamalizia kwa msumari mwembamba, unashona tundu. Ukikauka manyoya yanatanuka, ngozi inasinyaa, mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Unaugonga kwa nyundo uwe duara, unapaka rangi nyeupe ya madini ya risasi mara 3.
Fundi mzuri alitoa mipira 3 au 4 kwa siku. Hewa imejaa vumbi la manyoya, rangi ni sumu, kifua kinasukuma chuma. Mafundi hao walijulikana kwa kukohoa na kufa mapema. Pafu la kijana aliyekulia humo mnatafutia theluji ya nini?

Chuma Saba
Fundi, ufundi nakupa, tarehe nakunyima. Mpira wa utomvu uliingia 1848. Tommy kazaliwa 1851. Alipopata akili ya kushika fimbo, manyoya yalishakwisha sokoni. Na huyo baba aliyeshindilia manyoya kwa miaka karibu 10 kwenye karakana ya Allan Robertson aliishi miaka 86 na kila asubuhi alioga baharini, hata baridi. Kama vumbi lingeua, lingeanza na yeye.

Fundi Ngozi
Nakubali tarehe. Vumbi la Robertson halikumfikia Tommy. Ingawa rangi ya risasi iliendelea hata kwenye mpira mpya, hilo usilifute.

Mkwaju Mmoja
Huyu Robertson ndiye nani?

Fundi Ngozi
Allan Robertson wa St Andrews, ndiye wengi wanamhesabu mchezaji wa kwanza wa kulipwa. Mwaka 1844 karakana yake ilitoa mipira 2,456 ya manyoya. Old Tom aliingia kwake kama mwanagenzi, miaka 4 ya kujifunza na 5 ya kibarua. Halafu ukaja utomvu wa gutapecha kutoka misitu ya Malaya. Unauloweka kwenye maji ya moto ulainike, unaviringisha kwa viganja, unautumbukiza kwenye maji baridi, umemaliza. Shilingi 1 kwa mpira, wakati wa manyoya ulikuwa mara 2 hadi 5 ya hapo.
Robertson aliona njaa inakuja, akamwapisha kijana wake asiuguse. Siku moja Tom akaishiwa mipira katikati ya mchezo, akaazima wa utomvu. Bosi akasikia, wakagombana, wakaachana. Mwaka 1851 Tom akahamia Prestwick, mji wa pwani ya magharibi, kilabu ndiyo inaanzishwa, yeye ndiye aliyepanga yale mashimo 12. Tommy alikwenda huko akiwa mchanga. Kwa maana hiyo mpira wa utomvu ndio uliomlea.

Bi Mwanakombo
Na Robertson mwenyewe mwisho wake?

Fundi Ngozi
Akasalimu amri, akawa anautengeneza huo huo. Mwaka 1858 alikuwa wa kwanza kuzunguka St Andrews chini ya mikwaju 80, alipiga 79. Akafa Septemba 1859 kwa ugonjwa wa manjano. Ndiyo sababu 1860 Prestwick waliita mashindano: bingwa asiye na ubishi amekufa, sasa nani mkubwa? Walikuja 8 tu. Willie Park wa Musselburgh akachukua kwa 174, Old Tom 176 kwenye uwanja alioujenga mwenyewe.

Mzee wa Grini
Mmetoka nje ya uzi lakini mmenisaidia bila kujua. Mpira wa utomvu una adui mmoja: baridi. Ukipoa sana unakuwa kama kigae, ukipigwa unapasuka vipande, hadi ikawekwa kanuni kwamba unaendelea kutoka kilipoangukia kipande kikubwa. Ukipiga mpira mgumu hivyo kwa fimbo yenye kichwa cha mbao, mshindo wote unarudi mikononi na kifuani. Walianza hata kubandika ngozi usoni mwa fimbo kwa ajili hiyo.
Sasa chukua hali hiyo, weka pambano la Arthur Molesworth, kijana wa ridhaa kutoka Westward Ho!, Uingereza. Siku 6 za kucheza, raundi 2 kila siku, Tommy anampa nafuu ya mikwaju 6 kila raundi. Mwisho wa Novemba kuingia Desemba. Theluji ikaanguka, grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) zikafagiliwa ili mpira uweze kuviringika, wakaendelea. Akashinda, lakini waliomwona walisema si yule. Wiki 3 baadaye amekufa. Jumlisheni.

Daktari wa Zamu
Nimesoma yote kimya kimya, sasa naomba niseme machache ya mapafu.
Kufanya kazi kwenye baridi hakupasui ateri ya pafu iliyo nzima. Ikipasuka ghafla kwa mtu wa miaka 24 maana yake ilikuwa imeshadhoofika. Wakati ule sababu ya kwanza ya kushuku ni kifua kikuu: kidonda kinakula tishu ya pafu, mshipa uliopita pembeni yake unabaki bila ukuta wa kuuegemea, unavimba kama puto, siku moja unapasuka. Sababu ya pili ni mshipa aliozaliwa nao ukiwa na kasoro. Kijidudu cha kifua kikuu Robert Koch alikitangaza 1882, kwa hiyo daktari wa 1875 asingeweza kupima, angeona damu na tundu basi.
Kuhusu kihoro: upo ugonjwa wa moyo kubadilika umbo kutokana na mshtuko wa huzuni, Wajapani waliueleza mwaka 1990. Lakini huo unashika moyo, na mara nyingi ni wanawake wa umri mkubwa. Haupasui pafu.

Chuma Saba
Kifua kikuu kwa mtu aliyetembea raundi 2 kwa siku, siku 6, na akashinda huku akimbeba mwenzake mikwaju 6? Daktari, wagonjwa wako ni wakakamavu.

Daktari wa Zamu
Kidonda kidogo upande mmoja kinaweza kukaa bila kukudhoofisha. Sisemi alikuwa nacho. Nasema baridi peke yake haitoshi, na kihoro peke yake hakitoshi. Rafiki na mpinzani wake mkubwa, Davie Strath, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1879 huko Melbourne. Hao wawili walisafiri pamoja, wakala pamoja, wakacheza pamoja miaka mingi. Hilo nalo liwekeni mezani.

Mkwaju Mmoja
Daktari kamaliza uzi.

Bi Mwanakombo
Hajamaliza. Nyie wanaume mnapima mishipa tu, mnaruka ile siku ya North Berwick. Septemba 1875, Tommy na baba yake dhidi ya ndugu wawili, Willie na Mungo Park, wawili kwa wawili. Yamebaki mashimo 2, inafika telegramu: mke ana uchungu, hali mbaya, njoo. Wamalize kwanza, washinde, ndipo waondoke. Wanafika, Margaret na mtoto wote wameshatangulia. Mtu huyo hata Open ya 10 Septemba Prestwick hakwenda. Mnataka nini zaidi?

Takwimu Tu
Bi Mwanakombo, hapo pana maelezo mawili na yanatofautiana sana. La kwanza, telegramu alipewa Tommy, akaamua kumaliza mashimo. La pili, aliipokea baba, akaiweka mfukoni hadi mchezo ukaisha. Kama la pili ni kweli, majonzi ya nyumba ile yana sura nyingine kabisa.

Chuma Saba
Na hata wangeondoka saa ile ile hali ilikuwa ngumu. North Berwick iko kusini ya mlangobahari wa Firth of Forth, St Andrews iko kaskazini. Daraja la reli la Forth lilifunguliwa 1890. Kwa treni ni kuzunguka kwa Edinburgh, feri, treni nyingine. Ndiyo maana mwenye jahazi mmoja aliwavusha kwa tanga moja kwa moja. Mashimo 2 ni nusu saa hivi. Nusu saa isingemwokoa mama mzazi wa 1875.

Bi Mwanakombo
Isingemwokoa. Lakini aliyebaki hai hulihesabu kila dakika. Na msisahau Margaret Drinnen alikuwa binti wa wachimba migodi ya Whitburn, mkubwa kwa Tommy kama miaka 10, walioana Novemba 1874. Hata mwaka haukutimia.

Kibuyu
Mimi nilisikia ni ulevi. Baada ya mke kufa akawa anakunywa kila siku.

Takwimu Tu
Ulevi husemwa, ushahidi wake ni midomo. Mtu anayelewa kila siku hampi mchezaji mzuri mikwaju 6 kwa raundi kisha akamshinda kwenye theluji. Usiku wa tarehe 24 alikula na marafiki, akarudi, akaongea na mama yake aliyekuwa mgonjwa, akaenda kulala. Hicho ndicho kinachojulikana.

Kibuyu
Haya, nimeweka kibuyu chini.

Ndugu Mchanga
Wadau, mmekaa kwenye kifo mpaka mmesahau kazi yake. Nataka kujua alizidi wenzake kwa nini hasa? Mpira huo huo, fimbo hizo hizo.

Fundi Ngozi
Si fimbo hizo hizo, ndiyo siri. Wenzake wakikaribia grini walitumia fimbo fupi ya mbao yenye uso uliolala, mpira unaruka kidogo kisha unabingirika bila breki. Tommy alichukua kile chuma kidogo kizito chenye kichwa kinachozidi mpira kidogo tu, kilichotengenezwa kwa kutolea mpira kwenye mfereji wa gurudumu la mkokoteni, akakifanya cha kukaribia shimo. Unaupiga mpira kwa kushuka, unapanda juu, ukitua unasimama. Faida: kilima na mchanga mbele ya grini havikuhusu tena. Hatari: kichwa ni kidogo, ukikosea kwa upana wa kidole unakata mpira au unaupeleka pembeni kabisa. Ndiyo maana wengine hawakuthubutu.

Chuma Saba
Ongeza nguvu. Kofia yake ya Kiskoti ilikuwa inadondoka kwa mkwaju wa kwanza. Na kwenye grini alisimama mwili umefunguka kuelekea shimo, akipiga kwa ujasiri hadi ukuta wa nyuma wa shimo, hakuubembeleza mpira. St Andrews mwaka 1869 alizunguka kwa 77, rekodi iliyokaa kama miaka 20.

Ndugu Mchanga
Alikuwa analipwa kiasi gani? Maana tunaita "wa kulipwa".

Takwimu Tu
Hapa ndipo pa kucheka. Mabingwa wa kwanza walipata mkanda tu, bila senti. Kuanzia 1864 bingwa alipewa pauni 6. Mwaka 1872 Tommy alipata 8. Old Tom alipoitwa kurudi St Andrews kutunza uwanja alilipwa pauni 50 kwa mwaka, na 20 za kununulia mahitaji ya uwanja. Linganisha: bingwa wa Open alipata kama moja ya nane ya mshahara wa mwaka wa mtunza nyasi.
Fedha za kweli zilikuwa kwenye mapambano ya dau, mabwana wenye mali wanaweka, mchezaji anapewa sehemu. Akiwa na miaka 13 tu, Perth 1864, alichezeshwa pambano la maonyesho akaondoka na pauni 5. Na hiki ndicho kilichomtofautisha: wenzake waliishi kwa ukedi (kuwabebea wengine fimbo), kutengeneza fimbo au kutunza uwanja wa kilabu, kisha gofu juu yake. Tommy hakuwa na ajira ya kilabu yoyote. Aliishi kwa kucheza. Kwa maana hiyo mimi nasema yeye, si Robertson, ndiye wa kulipwa wa kwanza.

Fundi Ngozi
Napinga. Robertson alicheza kwa dau Tommy hajazaliwa.

Takwimu Tu
Alicheza kwa dau, lakini chakula chake kilitoka kwenye mipira 2,456.

Mzee wa Grini
Fungueni uzi mwingine wa hilo jamani. Hapa tuko kwenye pafu. Daktari kasema baridi haitoshi peke yake. Sawa. Mshipa dhaifu PAMOJA na siku 6 za theluji je?

Daktari wa Zamu
Mkazo ukipandisha shinikizo la damu unaweza kumalizia mshipa uliokwisha dhoofu. Lakini ungetegemea ipasuke siku ya mkazo au karibu yake. Wiki 3 baadaye, usiku, amelala? Ni mbali.

Bi Mwanakombo
Na baba mwenyewe alisemaje?

Chuma Saba
Alipoulizwa kuhusu kihoro inasemekana alijibu kwamba kama kihoro kingekuwa kinaua, hata yeye asingekuwepo. Na mzee huyo alikuwa na haki ya kusema. Tommy wa kwanza, kaka yake huyu aliyerithi jina, alikufa mdogo mwaka 1850. Kisha Tommy huyu 1875, mama yao 1876, halafu mmoja mmoja hadi 1906 akamzika wa mwisho. Aliwazika wote.

Mzee wa Grini
Nilisema mimi! Shahidi wa kwanza yuko upande wangu.

Bi Mwanakombo
Upande wako? Mzee alikuwa anajizuia kulia, wewe unampeleka mahakamani.

Mkwaju Mmoja
Na yeye mwenyewe Old Tom aliuawa na nini?

Takwimu Tu
Ngazi. Mei 1908, kilabu ya New Golf, St Andrews. Kaanguka kwenye ngazi, miaka 86.

Kibuyu
Hapo naweza kusema ni ulevi au bado?

Chuma Saba
Kibuyu kakiokote ukatoke nacho 😂

Ndugu Mchanga
Swali la mwisho kwa Fundi: ule mpira wa utomvu ukipasuka vipande, unaweza kuunganishwa?

Fundi Ngozi
Ndiyo. Kusanya vipande vyote, ondoa mchanga na rangi, maji ya moto, viringisha upya, maji baridi, kisha uuache miezi kadhaa ukomae kabla ya kuucheza. Ukiucheza mbichi unabonyea. Na usiusuguesugue uwe laini. Mpya laini ulikuwa unadondoka hewani kama ndege aliyepigwa manati, waligundua uliokwisha kukwaruzwa na chuma ndio unaoruka vizuri, ndipo wakaanza kuuchora kwa nyundo yenye makali tangu karakana.